Sura ya Tano: Nani Ampishe Nani?

Kila nizungumzapo habari za roboti mbele ya watu, iwe darasani, iwe kwenye baraza ya jioni au ndani ya gari linalopanda kutoka Makanya kuelekea Suji, katika milima ya Upare, swali moja hunirudia kwa vinywa mbalimbali, nalo ni hili: mashine isiyo na macho ya nyama wala haya ya uso itawezaje kupita katikati ya watu, imwongoze mgeni hadi mahali asipopajua, isimkanyage mtoto, isimsukume mzee, wala isisimame tu kama gogo lililoanguka njiani? Swali hili ni la haki, na mwenye kuliuliza hana haja ya kuomba radhi, kwa kuwa mabingwa wa elimu hii wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne na hata leo hawajalimaliza.

Kabla ya kulijibu, tuelewane juu ya maneno. Roboti ni mashine ambayo hupima yaliyo karibu nayo, ikayapiga hesabu, kisha ikatenda bila ya kuendeshwa na mkono wa mtu kwa kila hatua. Roboti mwongozaji ni ile iliyopewa kazi ya kumtangulia mtu na kumfikisha aendako: mgonjwa hadi chumba cha daktari, msafiri hadi mlango wa ndege, mtalii hadi mbele ya kitu cha kale katika jumba la makumbusho. Watu wa pwani walikuwa na jina la mwenye kazi hiyo baharini; walimwita rubani, yaani yule ajuaye miamba na mikondo, ambaye nahodha mgeni alimtegemea mpaka chombo kitie nanga. Roboti mwongozaji ni rubani wa nchi kavu, ila bahari yake ni umati wa watu, na miamba ya bahari hiyo hutembea.

Fimbo yenye ncha mbili

Alasiri moja ya Sabato, nikishuka njia ya miguu pale Suji, nilitanguliwa na mzee asiyeona pamoja na mjukuu wake, mtoto wa umri wa miaka tisa hivi. Mtoto alishika ncha moja ya fimbo na mzee ncha ya pili, wakaenda hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma, nami nikapunguza mwendo ili nitazame. Palipokuwa sawa mtoto hakusema neno. Walipoufikia mfereji utokao kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia ambalo Wapare wamelirithi kwa wahenga wao, alisimama, akaishusha fimbo mpaka ncha ikagusa jiwe la ukingoni, akagonga mara mbili. Mzee akainua mguu, akavuka.

Mbele kidogo alitokea mama akishuka upesi kwa njia ya mkato, mkungu wa ndizi kichwani. Mtoto akamvuta babu yake upande wa juu wa njia, akasema, "Shikamoo mama," naye mama akaitikia marahaba bila ya kugeuza shingo, akapita, madhali mwenye mzigo anayeshuka hawezi kusimama apendapo. Baadaye wakaja vijana wawili wakikimbizana. Hapo mtoto hakusogea hata shubiri. Aliinua tu mkono wake mtupu, na vijana wakagawanyika, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama maji yapitayo jiwe.

Katika hatua zisizozidi mia mbili mtoto yule alifanya kazi nne, nazo ndizo kazi za kila roboti mwongozaji:

1. Kujua yupo wapi.
2. Kuona kilicho mbele, pamoja na shimo.
3. Kuchagua njia na mwendo unaoweza kuzuilika.
4. Kukisia kila mtu anataka nini, na kumjulisha mtu huyo yeye mwenyewe anataka nini.

Tatu za mwanzo mashine imezijifunza kwa kiasi cha kuridhisha. Ya nne ndiyo sababu ya sura hii kuandikwa.

Niko wapi?

Mtu aliyezaliwa milimani, ukungu ukimfunika asubuhi hata asione mkono wake, hapotei upesi. Husema moyoni: nimetembea kwa muda wa kadiri hii, basi huenda niko karibu na mfereji wa kwanza, au wa pili, au wa tatu. Akisikia maji, dhana zote zisizo na mfereji huanguka. Akisikia moshi wa jiko upande wa kushoto, na anajua kwamba nyumba iko karibu na mfereji wa pili peke yake, mashaka yamekwisha. Roboti hufanya vivyo hivyo kwa tarakimu. Huhesabu mizunguko ya magurudumu yake, lakini kwa kuwa gurudumu huteleza, na kosa dogo la kila hatua hujumlika na la hatua inayofuata, haiitegemei hesabu hiyo pekee; hushika dhana nyingi kwa wakati mmoja, kila dhana na uzito wake, na kila kipimo kipya huziongezea uzito baadhi na kuzififisha nyingine, mpaka ibaki moja inayostahili kuaminiwa.

Shida huja pale watu wanapoizingira, kwa sababu ukuta ilioutarajia hauonekani tena. Mwezi Mei 1997, katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Bonn, Ujerumani, roboti iliyoitwa Rhino iliongoza wageni kwa siku 6, ikawahudumia watu zaidi ya 2,000 na kutembea kilomita zaidi ya 18. Waundaji wake, miongoni mwao Wolfram Burgard, Dieter Fox na Sebastian Thrun, waliifundisha kuvipuuza, wakati wa kutafuta mahali ilipo, vipimo vilivyo vifupi kuliko ramani inavyosema. Kipimo cha namna hiyo aghalabu ni mtu aliyesimama mbele ya ukuta. Mwaka uliofuata ndugu yake Minerva, katika jumba la Smithsonian la historia ya Marekani mjini Washington, ilipewa kamera inayotazama juu, ikaijua nafasi yake kwa sura ya dari, kwa kuwa hakuna mgeni awezaye kuiziba dari. Hilo ni jambo ambalo kila Mpare analielewa: ukizidiwa na msongamano wa gulio, inua macho uutafute mlima.

*Kwa ufupi:* roboti haijui mahali ilipo kwa yakini. Hukisia, hupima, na kusahihisha dhana yake mara nyingi kwa kila sekunde.

Mwangwi wa nuru

Simama ukingoni mwa bonde, upige ukelele. Ikiwa mwangwi umerudi baada ya sekunde 2, jabali lililourudisha liko umbali wa mita 340 hivi, maana sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, nayo imekwenda na kurudi. Roboti nyingi huona kwa kanuni hiyo hiyo, ila badala ya sauti hutupa mwale wa nuru usiodhuru jicho. Chombo cha kazi hiyo huitwa laida. Nuru huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mtu aliye umbali wa mita 3 huurudisha mwale kwa muda wa sehemu 20 za bilioni za sekunde, na chombo huweza kuupima muda huo. Mwale huzungushwa pande zote, na kutokana na marejeo yake roboti hujichorea mstari wa vitu vyote vilivyoizunguka.

Lakini mwangwi wa nuru una udhaifu wake, na ni wajibu kuutaja. Kioo huupitisha mwale, ndiyo maana Rhino, iliyopita katikati ya makabati ya vioo, ilihitaji ramani iiambie mahali pa kuogopa hata kama haioni kitu. Ukungu huutawanya mwale. Na mwale unaokwenda sambamba na sakafu, kwa kimo cha goti, huona ukuta, mguu na kiti, ila hauoni shimo, kwa sababu shimo halina cha kurudisha. Mfereji wa Suji, ambao mtoto aliugonga kwa fimbo, ungeonekana na laida ya namna hiyo kuwa ni njia nyeupe isiyo na kizuizi. Ndiyo maana roboti za leo hutazama chini pia, kwa kamera na miale iliyoinamishwa.

Mwendo ni deni

Kuchagua njia kwenye ramani iliyotulia ni kazi iliyokwisha pata ufumbuzi mzuri zamani. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakishughulika na roboti iitwayo Shakey huko California, walitangaza kanuni ambayo hulinganisha, katika kila njia panda, gharama ya safari iliyokwisha kwendwa na makisio ya iliyobaki, isipoteze muda kwenye vichochoro visivyo na tamaa. Kanuni hiyo ingali inatumika.

Linalohitaji hadhari ni mwendo. Tuseme breki za roboti hupunguza mwendo wake kwa nusu mita kwa sekunde, katika kila sekunde moja. Ikienda mita 1 kwa sekunde, itahitaji mita 1 ili isimame; ikienda mita 2 kwa sekunde, itahitaji mita 4. Mwendo umeongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama imeongezeka mara nne. Kwa hiyo mashine iliyofunzwa vyema, kabla ya kuchukua hatua, huiondoa katika hesabu yake kila kasi ambayo haitaweza kuilipa kwa kusimama kabla ya kumfikia aliye mbele. Mtoto wa Suji hakuisoma kanuni hii popote. Aliijua kwa kumtazama mama mwenye mkungu wa ndizi.

Watu si mawe

Sasa tumefika penye kiini. Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani Edward Hall alieleza kwamba mtu huzungukwa na duara zisizoonekana, ambazo mwingine akiziingia bila ya idhini huleta karaha:

- Mpaka sentimita 45: nafasi ya walio wa ndani sana, kama mama na mwana.
- Kutoka hapo mpaka mita 1.2: nafasi ya marafiki na jamaa.
- Kutoka hapo mpaka mita 3.6: nafasi ya shughuli na watu wa kawaida.

Waundaji wengi wa roboti walizichukua duara hizi na kuzitia katika hesabu, ili mashine ione mtu kuwa ni mtu pamoja na uwanja wake. Ni hatua njema, walakini Hall mwenyewe aliwatazama Wamarekani, akasisitiza kwamba mataifa hutofautiana. Kwetu, watu wawili waliopotezana siku nyingi hushikana mikono na kuendelea kuishika mpaka habari za nyumbani, za mashamba na za wagonjwa zimalizike. Na foleni ya zahanati huwabana watu bega kwa bega pasipo mtu kuona amedhalilishwa. Roboti yenye vipimo vya ugenini ingewakuta watu hao, ingeona kila mahali pamekatazwa, ingesimama.

Na kusimama huko kuna jina lake. Mwaka 2010 Peter Trautman na Andreas Krause walieleza kwa hesabu jambo ambalo wengi walikuwa wameliona kwa macho: umati ukizidi kiasi fulani, roboti huganda. Sababu yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Roboti hubashiri kwamba kila mtu atashika njia yake kana kwamba roboti haipo. Kwa kuwa kila ubashiri una mashaka, na mashaka hupanuka kadiri muda uendavyo mbele, baada ya sekunde chache nafasi zote huonekana zimekwisha kaliwa, hata ile ambayo kwa kweli ingefunguka. Wengine wangedhani dawa ni kubashiri kwa usahihi zaidi. Wataalamu hao walionyesha kwamba hata ubashiri usio na kosa haungetosha, maana kosa liko katika dhana ya asili: watu hawatembei kana kwamba mwenzao hayupo. Watu hupishana. Mmoja hulaza bega, mwingine hufupisha hatua, na nafasi ambayo haikuwapo huzaliwa katikati yao. Roboti inayotaka kupita sharti ijiingize yenyewe katika hesabu, ijue kwamba ikisogea kidogo mwenzake naye atasogea kidogo.

Nimelitafakari jambo hili muda mrefu, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba humu mna maarifa yanayotuhusu sisi kuliko yanavyoihusu mashine. Njia katikati ya watu haipatikani kwa nguvu, wala kwa woga. Mwenye nguvu huumiza, mwenye woga huganda, na wote wawili hawafiki kwa heri. Njia hupatikana kwa kupeana, na kupeana huhitaji kila mmoja amdhanie mwenzake wema kiasi cha kuthubutu hatua moja. Mtoto aliyeinua mkono mbele ya vijana wakimbiao aliwadhania adabu, nao hawakuivunja dhana yake.

*Kwa ufupi:* roboti inayowahesabu watu kama mawe yanayotembea itagonga au itaganda. Inayowahesabu kama wenzi wa njia huweza kupita.

Uso, sauti na ishara

Kupeana njia hakuwezekani kama nia zimefichwa. Minerva, iliyotembea kilomita 44 katika wiki mbili, ilikuwa na uso wenye nyusi na mdomo. Ilipopata njia ilitabasamu; ilipozuiliwa iliomba kwa upole, na kizuizi kilipoendelea ilikunja uso na kupaza sauti. Waundaji wake walijua kwamba mgeni asiyejua lolote juu ya mashine anajua kusoma uso, kwa hiyo waliikopesha mashine lugha ambayo watu wanayo tayari.

Hata hivyo, heshima haipatikani kwa uso peke yake. Katika maduka makubwa ya Osaka, Japani, watafiti waliandika mwaka 2015 kwamba watoto waliokuwa pamoja bila ya wazazi waliizuia roboti, wakaitukana na hata kuipiga. Dawa iliyotafutwa ni ya hekima: roboti ikadirie hatari hiyo mapema, kisha isogee mahali walipo watu wazima. Mkulima yeyote aliyewahi kumtuma mwanawe mdogo dukani angelitambua shauri hilo, kwa sababu ndilo ampalo mtoto: ukiona watoto wakubwa wanakuchokoza, nenda ukasimame karibu na mama mwuza mboga.

Zilizokwisha fika kwetu

Afrika ya Mashariki haiko nje ya habari hizi. Mwezi Mei 2020, ugonjwa wa korona ulipowalazimisha wauguzi kujiepusha na wagonjwa waliotaka kuwahudumia, Rwanda ilizindua roboti 5 zilizotengenezwa na kampuni ya Ubelgiji ya ZoraBots kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, la kwanza likiwa na maana ya jua, na la mwisho nuru. Ilielezwa kwamba zingeweza kupima joto la mwili la watu 50 hadi 150 kwa dakika, na katika kituo cha Kanyinya, Kigali, zilipewa kazi ya kupeleka chakula na dawa. Mjini Nairobi, mwaka 2024, mkahawa mmoja wa eneo la Kilimani uliwavuta watu kwa roboti tatu, Claire, R24 na Nadia, ambazo zilibeba sinia za chakula hadi mezani, ilhali wahudumu wa kibinadamu walikuwapo bado.

Tuone lililo sawa katika mifano hiyo miwili: sakafu laini, kuta zinazojulikana, na watu wachache walio tayari kuipisha mashine. Huo ndio mwanzo wa kila mahali, na nadhani siku roboti itakapoingia wilaya yetu ya Same itaanzia katika korido za hospitali, kabla ya kuthubutu kupanda mlima. Itakapokuja, tusishangilie magurudumu yake kwanza. Tuulize:

- Ramani yake imechorwa na nani, na nani ataisahihisha ukuta ukihamishwa?
- Umbali wake wa staha umepimwa kwa watu gani?
- Ikikosa njia, husema kwa lugha gani, na mzee asiyesoma ataielewa?
- Ikikosea, ni mtu gani mwenye dhamana?

Babu na siku za shule

Katika kazi zote za roboti mwongozaji, iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ya kumwongoza asiyeona. Huko Japani Susumu Tachi na wenzake walianza mwaka 1977 kuunda Meldog, mashine yenye magurudumu iliyokusudiwa kufanya kazi ya mbwa mwongozaji. Baadaye Chieko Asakawa, mtaalamu wa Kijapani aliyepoteza nuru ya macho akiwa na miaka 14, aliongoza kazi ya kuunda roboti yenye umbo la sanduku la safari: lina laida na kamera, magurudumu yake hujiendesha, na mwenye kulishika mpini huvutwa taratibu upande unaofaa, akisimamishwa penye hatari. Umbo hilo lilichaguliwa kwa busara, maana mtu mwenye sanduku kwenye kiwanja cha ndege hatazamwi na mtu; anapita kama wasafiri wengine. Nilipozisoma habari za mpini ule niliikumbuka fimbo ya Suji. Mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, na kati yao ujumbe upitao bila ya maneno.

Hakuna sanduku la magurudumu liwezalo leo kuishuka njia ile, penye mawe, tope la masika na mifereji. Lakini sitaki msomaji aseme kwamba basi halihitajiki, kwa kuwa kuna mtoto. Tulipofika mahali pa kupumzika nilimwamkia mzee, tukaongea, kisha nikamwuliza mjukuu ni nani amshikiaye babu fimbo siku za shule. Alinitazama kama mtu aulizwaye jambo lililo wazi, akajibu, "Siku za shule babu hukaa nyumbani."

Siku tano katika saba. Mzee hakusema neno. Aliigeuza fimbo mkononi mwake. Tangu hapo, nisomapo habari za mashine iliyopunguza sentimita kadhaa katika kosa lake, au iliyojifunza kupita mahali ilipokuwa ikiganda, sioni tarakimu. Namwona mzee huyo akitoka nyumbani kwake siku ya Jumatatu, mjukuu wake akiwa darasani. Na ikiwa siku hiyo itanikuta nikipanda mlima na mzigo wangu, swali lililo juu ya sura hii halitanisumbua, wala sitapenda liisumbue mashine: itasogea upande mmoja, nami nitasogea upande wa pili, na atakayepita kwanza ni babu.